Likizo inakaribia na umechoka: jinsi ya kumtafutia kambi mtoto uliyemuasili, na wewe upate kupumua

Kila ikifika mwisho wa Machi, mwisho wa Julai na katikati ya Oktoba simu yangu inaanza kulia. Ni wazazi wenzangu walioasili, wengine nawajua, wengine wamepewa namba na mtu, na maswali ni yale yale. Kuna kambi gani nzuri? Nani anaweza kukaa naye wikendi moja tu nilale? Na lile swali ambalo watu huliuliza mwisho, kwa sauti ya chini: nikimpeleka, hatadhani nimemrudisha?

Nimejibu hayo kwa simu miaka kadhaa, sasa nimeamua kuyaandika yote mahali pamoja. Mimi niko Nairobi, binti yetu alikuja kwetu akiwa na miaka minne kutoka makao ya watoto, sasa ana kumi na mmoja. Nitaongea ya Kenya manake ndiyo ninayoyaishi. Mzazi wa Tanzania pia atapata kitu hapa, tofauti kubwa ni kwamba likizo zenu ndefu ni Juni na Desemba, na pale ninaposema afisa wa watoto wewe unaenda kwa afisa ustawi wa jamii.

Jambo la kwanza lijue mapema usipoteze muda. Hapa kwetu hakuna ofisi unayoenda kujaza fomu halafu unaletewa mtu wa kukupumzisha wikendi. Korti ikishatoa amri ya kuasili mtoto ni wako kama uliyemzaa, na uchovu pia ni wako. Mapumziko unajijengea mwenyewe, kidogo kidogo, kwa watu na kwa kambi za kawaida ambazo watoto wote wanaenda. Inawezekana kabisa, ila ina mpangilio wake na ukiuruka mpangilio mtoto ndiye anayeumia.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Nakala ya cheti cha kuzaliwa chenye majina yenu. Hiyo inatosha. Kambi haina haja ya kuona amri ya korti, usiitoe hata wakiomba. Kama bado mko kwenye kile kipindi cha kuishi pamoja kabla ya korti, mjulishe kwanza afisa wa shirika lililokupa mtoto na upate barua yao kabla hajalala nje.
- SHA, yaani bima ya afya ya serikali. Ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024 na kuna wazazi walikuwa wamemwandikisha mtoto kule wakadhani amehama mwenyewe. Hakikisha yuko kwenye akaunti yako kama tegemezi, uangalie leo, usingoje siku ya safari.
- Kadi ya chanjo, dawa anazotumia, chakula kinachomdhuru.
- Majina ya watu wazima watatu ambao mtoto anawapenda, yaani yeye mwenyewe anawapenda, usihesabu wale unaowapenda wewe.
- Kalenda kubwa ya ukutani, zile za bure za duka la dawa zinatosha.
- Pesa. Mimi huweka shilingi 100 kila siku kuanzia Januari mosi kwenye M-Shwari, ile akiba ya kwenye simu, na siigusi, ikifika mwisho wa Julai ni kama 21,200. Ndiyo kambi ya Agosti hiyo pamoja na nauli.
- Karatasi moja umeandika vitu vinavyomtibua. Wangu ni mlango kufungwa kwa ufunguo, foleni ya chakula, na mtu mzima kusema "ngoja utaona". Wako utakuwa na vyake, mtazame wiki mbili utavijua.

Hatua kwa hatua

1. Amua kwanza ni nani anayehitaji nini

Kuna mapumziko yako na kuna kambi yake, ni vitu viwili. Kama shida ni kwamba hujalala vizuri tangu Februari, unahitaji mtu wa kukaa na mtoto Jumamosi, pengine hapo hapo nyumbani kwako, na mtoto haendi popote. Kama shida ni kwamba una kazi na shule zimefungwa wiki tatu, unahitaji kambi ya kutwa. Kama mtoto mwenyewe anatamani kulala kwenye hema kwa sababu rafiki zake wanaenda, hapo ndipo unaongelea kambi ya kulala. Watu wengi huruka moja kwa moja kwenye kambi ya siku tano wakati walichohitaji ni saa nne za usingizi.

2. Tengeneza watu watatu kabla ya kutafuta kambi yoyote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote na ndiyo imebeba kila kitu. Mtoto ambaye hajawahi kulala kwa shangazi yake hawezi kuanza na bweni la watoto arobaini asiowajua.

Anza na saa mbili mchana, wewe ukiwa umeenda sokoni tu, na urudi dakika uliyosema. Ukisema saa nane, iwe saa nane, hata kama itabidi upande boda. Fanya hivyo mara tatu nne. Halafu mchana mzima. Halafu usiku mmoja, mtoto akiwa na blanketi lake, na asubuhi uwe hapo kabla ya chai. Kwetu ilichukua miezi mitano kufika usiku mmoja na sioni kama ilikuwa mingi.

Hao watatu wanaweza kuwa mama mdogo, nyanya yake, jirani, mwalimu wa Sunday school, mama wa rafiki yake. Walio bora zaidi kwangu wamekuwa wazazi wengine walioasili: mmoja anachukua watoto wote Jumamosi hii, mwingine Jumamosi ijayo, hakuna pesa inayobadilishana na hakuna haja ya kueleza kwa nini mtoto ameficha chapati kwenye foronya. Wao wameshaziona hizo chapati. Uliza shirika lililokusaidia kuasili wakuunganishe na familia zilizo karibu nawe.

Sasa ushago, yaani kijijini kwa ukoo. Kwa familia nyingi ushago ndiyo kambi ya likizo, na kwa watoto wengi ni raha isiyo na mfano, ng'ombe, mto, binamu, kulala kumi kwenye chumba kimoja. Lakini kabla hujamwacha huko peke yake kaa naye angalau mara moja usikilize ndimi za watu. Ukisikia mtu mzima yeyote akimwita "yule wa kuokota", hata kwa utani, hata kama ni mjomba anayeheshimika, mtoto haachwi hapo bila wewe. Na kwa wenye mabinti, kama upande wowote wa ukoo kuna ndugu ambao bado wanaamini mambo ya ukeketaji, Desemba ndiyo msimu wao, na sheria ya 2011 haimlindi mtoto uliyemwacha mbali na macho yako. Usimwache huko.

3. Chagua kati ya kutwa na kulala

Kanuni yangu ni hii: kambi mbili za kutwa kwanza, zikienda vizuri ndipo ya kulala, na ya kulala ya kwanza isizidi usiku mbili. Kwa mtoto aliyetoka makao ya watoto hii si kujali kupita kiasi. Mfikirie, safu za vitanda vya deka, filimbi ya kuamka, foleni ya uji, watu wazima wanaobadilishana zamu. Wewe unaona kambi, yeye anaona mahali alipotoka.

Angalia pia msimu. Aprili ni mvua, kambi nyingi za nje zinageuka kuwa kukaa ukumbini kutazama video, kwa hiyo Aprili ni ya kutwa. Agosti Limuru na Nairobi kuna baridi ya kweli, kama mtoto hukojoa kitandani baridi inaongeza. Novemba na Desemba ndiyo likizo ndefu na kuna nafasi ya kujaribu.

4. Tafuta mahali

Anza shuleni kwake. Skauti na Girl Guides wako kwenye shule nyingi na ndio njia ya bei nafuu kuliko zote, mtoto anaenda na mwalimu anayemjua na wenzake wa kila siku. Skauti wana kambi yao ya Rowallan hapa Nairobi, upande wa Jamhuri, na wengi wa watoto wanaanzia hapo kwa usiku mmoja.

Makanisa yana programu za wiki moja za kutwa kila Agosti na Desemba, nyingi ni bure au unalipa kidogo cha chakula. Misikiti na madrasa pia, hasa Mombasa na pwani yote, na kwa familia za kafala, ule ulezi wa mtoto wa Kiislamu badala ya kuasili, ni mahali ambapo mtoto anakutana na watu wanaoielewa hali yake bila maelezo mengi. Makumbusho na maktaba za umma huwa na shughuli za watoto wakati wa likizo, pita uulize mwanzoni mwa mwezi wa likizo. YMCA wana eneo la kambi Naivasha kando ya ziwa. Kwa mtoto mkubwa, wa kumi na tatu kwenda juu, mwenye nguvu ambazo nyumba haizitoshi, kuna kambi za kupanda mlima na kuvuka mito, Outward Bound pale Loitokitok chini ya Kilimanjaro, na Sagana kuna kupanda maboti ya mpira mtoni. Hizo ni ghali na zinamchosha mtoto kwa namna nzuri, lakini si za kuanzia.

Kuna na zile kambi za wavulana wa kutahiriwa za Desemba, makanisa mengi yanazifanya. Kama mwanao amefika umri huo, kaa na baba yake au mjomba wake mapema muamue nani atakuwa mlezi wake huko, manake watamuuliza ukoo wake na jina la rika, na ni vibaya sana mtoto akakwama mbele ya wenzake kwa jambo ambalo nyinyi wakubwa mngelimaliza mezani.

5. Piga simu na uulize, bila aibu

Usitume ujumbe. Piga, usikie sauti. Mimi huuliza hivi:

Nani analala chumba kimoja na watoto, na kuna watu wazima wangapi? Jibu zuri ni wawili au zaidi, kamwe si mmoja. Kiongozi mmoja ana watoto wangapi? Nikisikia zaidi ya wanane kwa watoto wadogo nashukuru na kukata. Viongozi wana cheti cha tabia njema cha polisi, kile cha DCI? Kuogelea kupo, na nani anayesimama majini? Mtoto akikosea mnafanya nini? Viboko haviruhusiwi kisheria, hilo wanalijua, kwa hiyo sikiliza wanachosema baada ya hapo, hasa kama adhabu yao ni kumnyima chakula au kumtenga. Mtoto aliyewahi kulala njaa usimpeleke mahali chakula kinatumika kama fimbo. Naweza kuongea naye saa ngapi kwa siku, na kwa simu ya nani? Hospitali ya karibu ni ipi?

Halafu swali la picha. Uliza kama wanaweka picha za watoto mtandaoni. Kuna watoto wetu ambao hawafai kuonekana kabisa kwa sababu za usalama, ndugu wa damu wanaowatafuta na mambo kama hayo. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka wakuombe ruhusa, na 2023 kamishna wa data alipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sema hapana kwa maandishi, na uwe na nakala.

Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza, umeshapata jibu lako.

6. Nenda uone, ukiwa na mtoto

Wiki mbili kabla. Mwonyeshe choo kwanza. Nasema kweli, choo na mahali pa kulala, watoto hawaogopi mlima, wanaogopa choo cha usiku. Muulize angependa kitanda kipi, cha juu au chini, karibu na mlango au ukutani, na umwombe kiongozi akiandike jina lake. Piga picha ya kiongozi mmoja akitabasamu na uibandike kwenye friji.

7. Andika barua ya ukurasa mmoja

Waambie tabia, usiwaambie historia. Historia ni ya mtoto. Ukimwambia kiongozi mmoja "aliachwa hospitalini", kufikia chakula cha jioni viongozi wote wanajua na mmoja atamkumbatia huku analia. Barua yangu ya alipokuwa na miaka tisa ilienda hivi, ichukue ubadilishe:

"Binti yangu ana miaka tisa. Anapenda kuchora na kusaidia jikoni. Anahitaji kujua mapema kitakachofuata, mwambieni ratiba asubuhi. Anaweza kuweka chakula mfukoni au kitandani, tafadhali msimkemee, mpeni ndizi moja ya kukaa nayo usiku. Akinyamaza ghafla ameogopa, si kiburi. Kinachomsaidia ni kukaa karibu naye bila kumuuliza maswali. Msifunge mlango wa nje kwa ufunguo bila kumwambia kwanza. Tafadhali msifanye mchezo wa kuleta picha ya utotoni au kuchora ukoo bila kuniuliza. Nitamchukua Jumapili saa sita mchana. Msimwambie saa nyingine yoyote."

Hilo la picha ya utotoni weka. Kila kambi ina mtu anayependa mchezo huo, na watoto wetu wengi hawana picha yoyote ya kabla ya miaka miwili. Kama ni kambi ya dini, uliza pia kuhusu ule usiku wa ushuhuda ambapo taa zinapunguzwa na watoto wanaambiwa waeleze maumivu yao. Mwombe kiongozi amruhusu wako kukaa jikoni na wapishi saa hiyo.

8. Muandae mtoto, na hapa nisikilize vizuri

Alipokuja kwetu alikuwa na kibegi cha kijani chenye zipu mbovu, ndani gauni mbili na kiatu kimoja, cha pili kilipotelea njiani. Tulikiweka chini ya kabati tukakisahau. Alipofika miaka saba nikamwandikisha kambi ya usiku nne, nimefurahi kabisa, nimenunua na tochi. Siku ya kufunga vitu nikamwita, akaja amekishika kile kibegi cha kijani. Alikuwa ameshaweka viatu vyake vyote, mwanasesere wake, mswaki, na picha yetu ya sebuleni ameitoa ukutani na fremu yake. Akaniuliza, "Mama, nichukue vyote?"

Mimi nikacheka, nikamwambia hapana, chukua nguo tatu tu, ni siku chache. Sikuelewa alichoniuliza. Kambini hakuongea siku mbili, hakula, usiku wa pili kiongozi akanipigia nikaendesha gari gizani kwenda kumchukua. Kwenye gari akasema neno moja tu, "Tunaenda wapi?"

Tangu siku hiyo hivi ndivyo tunavyofanya, na nimewafundisha wengi:

Begi liwe jipya, la kambi tu, akilichagua yeye. Usitumie kamwe begi au mfuko aliokuja nao. Vitu vyake vibaki nyumbani mahali pake, na umwambie hivyo kwa sauti, viatu vyako vya shule vinakungoja hapa, kikombe chako kinakungoja hapa. Binti yangu humlaza mwanasesere wake kwenye mto wangu kabla hatujatoka, ananiambia nimlinde, na mimi kweli nalala naye. Kwa nguo ya kuondoka nayo mpe kitu chako wewe, leso yako ambayo hujaifua, iwe na harufu yako.

Kwenye kalenda mchore siku ya kwenda na siku ya kurudi kwa rangi moja, na siku ya baada ya kurudi andika kitu kidogo cha kawaida, "tunasuka nywele", "tunapika mandazi". Hiyo siku ya baada ndiyo inayomshawishi. Mtu asiyerudi hapangiwi kusukwa Jumatatu.

Na mfundishe jibu. Watoto wataulizana wazazi, hilo halikwepeki. Fanyeni mazoezi kama mchezo, wewe ukiwa mtoto mbaya: "Wewe mbona hufanani na mamako?" Naye anachagua, anaweza kusema "familia ziko aina nyingi", au "sitaki kuongea hayo", au kuondoka tu. Asilazimike kutaja kuasiliwa wala asilazimike kudanganya.

9. Siku ya kumpeleka

Fika mapema, nusu ya watoto wakiwa bado hawajaja. Mkabidhi kwa yule yule wa kwenye picha ya friji. Aga kwa ufupi na usitoroke, yule mzazi anayeteleza kimya mtoto akicheza anaharibu kazi ya miezi. Sema siku na saa utakayorudi, umwombe airudie, uondoke. Ukitaka kulia lilia kwenye gari.

10. Na wewe pumzika

Watu hutumia siku zote tatu kufua mapazia. Lala. Kaa na mwenzio mkiwa mmenyamaza. Simu iwe na chaji na uwe umbali wa saa mbili tatu kutoka kambini, usiende Mombasa mtoto akiwa Naivasha, si mara ya kwanza. Usiwaze kwamba wewe ni mzazi mbaya kwa kufurahia nyumba tulivu. Uliomba mtoto huyu kwa karatasi na maofisa na miaka, unaruhusiwa kuchoka.

11. Siku ya kurudi

Fika robo saa kabla. Mtoto wa mwisho kuchukuliwa asiwe wako, kamwe. Njoo na chakula cha mkononi. Usimwulize maswali kumi, rudini nyumbani, aone vitu vyake viko pale pale. Siku mbili zinazofuata usipange wageni.

Mambo yakienda vibaya

*Anapiga simu analia usiku wa kwanza.* Msikilize, mwambie umemsikia, mrudie siku na saa ya kurudi, mwulize amekula nini. Baada ya nusu saa muulize kiongozi hali ikoje. Wengi hulala. Lakini kama ameacha kula au ameacha kuongea, hiyo si kudeka, nenda umchukue usiku huo huo na usiite kushindwa. Usiku mmoja ni usiku mmoja, mwaka ujao iwe miwili.

*Amerudi amekununia, anavunja vitu, anakojoa kitandani.* Ni kawaida kwa wiki moja hivi. Anakujaribu kama bado wewe ni wewe. Rudisha ratiba ile ile, chakula saa ile ile, godoro litandikwe nailoni bila maneno. Ikizidi wiki tatu tafuta kaunsela wa watoto.

*Alimpenda sana kiongozi mmoja, amemwita mama, anataka kwenda kuishi naye.* Inauma, najua. Watoto waliolelewa na watu wengi hujishikiza haraka kwa yeyote. Usimkaripie. Lakini mwombe huyo kiongozi asimpe namba ya simu wala ahadi ya kumtembelea.

*Kuna mtoto alimwambia "wewe si wao kwa damu".* Muulize kwanza yeye alijisikiaje kabla hujakasirika kwa niaba yake. Halafu piga simu kambini, taja siku na mahali, uliza wamefanya nini. Kambi nzuri itakuwa imeshakuambia kabla hujapiga.

*Kambi inasema njoo umchukue, amewashinda.* Chukua, usibishane mbele yake. Kwenye gari mwambie: kambi hiyo haikukufaa, mimi nimekuja kama nilivyosema nitakuja. Baadaye ukiwa peke yako uliza barua yako ilisomwa na nani. Mara mbili nimekuta ilibaki kwenye droo ya ofisi, kwa hiyo siku hizi naisoma kwa sauti kwa kiongozi wa chumba siku ya kumpeleka.

*Ana ulemavu au mahitaji mengine na kila kambi inakataa.* Nenda kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti yako, kile cha kupima mahitaji ya watoto, uwaulize shule maalumu zinazofanya shughuli za likizo. Mwandikishe pia kwa baraza la watu wenye ulemavu. Mara nyingi kinachofanikiwa ni kambi ya kutwa ya kawaida mkienda na msaidizi mnayemjua, na wewe ukilipa chakula cha msaidizi.

*Huna pesa kabisa.* Rudi hatua ya pili. Familia tatu, Jumamosi tatu, sufuria moja ya pilau, hema la shuka kwenye uwanja wa nyuma. Binti yangu bado anaitaja hiyo ya shuka kuliko zote.

*Amerudi na kitu kinachokutia wasiwasi, alama mwilini, anaogopa mtu fulani, amekuambia jambo nusu nusu.* Usimhoji mara nyingi na usiwapigie kambi kwanza. Andika maneno yake kama alivyoyasema, umpeleke hospitalini, na upige 116. Ni bure, inafanya kazi Kenya na Tanzania, usiku na mchana, na watakuunganisha na afisa wa watoto wa eneo lenu.